Protini Usoni kwa Shemeji

Mume wa dada yake Mtafiti alijiita Mtaalamu tangu siku alipofungua duka la mafuta ya uso na kujinunulia koti jeupe. Mtaa mzima ukamwita hivyo. Mtafiti peke yake ndiye aliyeendelea kumwita shemeji, tena shingo upande.

Mchana mmoja shemeji huyo alifika maabara alikofanya kazi Mtafiti, kumletea funguo za nyumba alizozisahau. Akamkuta ameinamia sanduku la barafu lenye kichupa kidogo.

"Hicho kichupa kina nini?"

"Protini ya binadamu, shemeji. Ni ndugu yake ubikwitini. Ndani ya seli, ubikwitini hubandikwa kwenye protini nyingine kama alama, na zile zilizochakaa zikaondolewa. Sasa tunataka kujua huyu ndugu yake anafanya nini."

"Zilizochakaa zinaondolewa!" alirudia Mtaalamu, macho yamemtoka.

Mtafiti akaitwa mlangoni kupokea mzigo. Aliporudi, shemeji hayupo na kichupa hakipo. Nacho kilikuwa kimoja tu, kimeagizwa kutoka mbali, kimesubiriwa mpaka wenzake wakachoka kuulizia. Alivua glavu akatoka mbio.

Dukani alimkuta Mtaalamu mbele ya kioo, koti jeupe mwilini, uso unameremeta kama sufuria iliyotoka kukaangiwa. Dada mtu alikuwa amemshikia kopo la mafuta. Wateja wawili walikuwa wakisubiri zamu yao.

"Umeichanganya humo?"

"Yote! Ona mwenyewe, shemeji, makunyanzi yamekimbia."

"Yamekimbilia wapi? Yako palepale, yamepata mng'aro tu."

"Kichupa kimeandikwa 'ya binadamu'. Kwani mimi si binadamu?"

"Hata mimi najiuliza. Na chini yake je? Imeandikwa ni ya utafiti tu, isitumiwe kwa watu. Ulichoka kusoma?"

Dada yake akaingilia kwa sauti ndogo: "Lakini mdogo wangu, kweli kang'aa kidogo."

Mtafiti alimtazama asiamini. Huyu ndiye aliyemfundisha kusoma!

"Haya," alisema, akihakikisha wateja wanamsikia. "Mnajua inavyotengenezwa? Wanachukua jeni la binadamu, wanalitia ndani ya bakteria, bakteria ndiye anayeipika. Na ukoo wa bakteria huyo makazi yake ni utumbo mpana. Kule kunakotengenezwa choo."

Hakusema kwamba protini husafishwa kwanza mpaka asibaki bakteria hata mmoja. Hakuona kwa nini amfanyie hisani hiyo.

Mteja mmoja alirudisha kopo mezani kwa ncha za vidole. Mwenzake alikuwa ameshafika nje. Mtaalamu aliruka hadi kwenye bomba akajisugua kwa sabuni ya kufulia, povu likamwingia machoni, koti likalowa. Dada mtu alijaribu kujizuia, akashindwa, akaketi sakafuni kwa kicheko.

"Mke wangu, unanicheka mimi?"

"Nicheke nani mwingine?"

Mtafiti aliokota kichupa kitupu, akarudi maabara kumweleza mkuu wake. Alisimulia kwa mbwembwe zote: kioo, koti, sabuni. Mkuu alimsikiliza hadi mwisho bila hata kutabasamu.

"Na ni nani aliyemwacha mgeni peke yake na lile sanduku?"

Mtafiti alikiweka kichupa kitupu mezani. Alikwenda kuwaambia wenzake kwamba jaribio limeahirishwa.