Rafu Mbili za Viatu

Kwetu huingii kwa mtu na viatu, na kituo cha afya ni hivyo hivyo. Unavua barazani, unaingia na soksi. Ile baraza ni ya vioo, inatazamana na duka, na ndani yake kulikuwa na rafu mbili. Ya kushoto iliandikwa MENO. Ya kulia, WANAWAKE NA VIJANA. Aliziandika shangazi yangu Oddlaug, anayekaa mapokezi, ili watu wasichanganye viatu wakati wa kutoka.

Tuko watu mia sita tu huku kaskazini. Kila mtu anajua viatu vya kila mtu.

Buti za binamu yangu Maiken ni za njano, kamba nyekundu. Hakuna mwingine mwenye nazo. Maiken ana miaka kumi na saba, alikuwa na mimba, na alishaamua kuitoa. Sheria ya Norwei inamruhusu na haimdai ruhusa ya mtu. Aliyejua ni mimi tu. Alhamisi moja alikuja kumwona daktari wa wanawake, ambaye huja Alhamisi tu na saa tisa ameshaondoka. Buti akaziacha kwenye rafu ya MENO. Hata kukaa hajakaa, akasikia:

"Maiken, mwanangu, umekosea rafu! Nimekuhamishia buti zako!"

Shangazi hakuwa na nia mbaya. Anapenda kila kitu kikae mahali pake. Maiken akatoka, akavaa, akaondoka, na mama yake Jostein, yule kijana waliyeachana naye, alikuwa amesimama mlangoni pa duka anatazama.

"Mimi pale sirudi," Maiken aliniambia. "Bora nipande meli niende mjini."

"Ni mwendo wa saa nne kwenda, saa nne kurudi. Nyumbani utawaambia nini?"

Akatoa simu, akafungua kalenda.

Alhamisi iliyofuata ndiyo ilikuwa ya mwisho kabla ya Pasaka. Ikipita hiyo, ni kungoja wiki mbili nzima, na Maiken alikuwa anahesabu siku. Mimi siku hiyo nilikuwa na miadi ya waya wangu wa meno. Na siku hiyo hiyo wakaja wakaguzi wa serikali.

Walikuwa wawili. Eilert alikuwa daktari wa meno, mwenye soksi zilizotoboka kidole gumba. Vigdis alikuwa mama mrefu wa nywele za mvi, na ndiye mkubwa wake. Shangazi alikuwa amesuka nywele kabisa.

"Kagueni tu," aliwaambia. "Mkipata vumbi, mnifukuze kazi."

Eilert akafungua mashine ya kuchemshia vyombo vya meno, akaomba daftari lake.

"Umesaini kila siku?"

"Hata siku niliyoolewa. Nilipita asubuhi."

Vigdis alianzia upande wa wanawake. Alimfungia mkunga chumbani, akamwambia aongee kwa sauti, yeye akasimama nje na sikio mlangoni. Hakusikia kitu. Kabati la dawa limefungwa, mafaili yamefungwa. Akaja upande wetu wa meno, akaketi karibu yangu.

"Na wewe, binti? Siri za wagonjwa zinatunzwa hapa?"

Mimi nikiulizwa kitu darasani naangalia meza mpaka mwalimu achoke. Nikaangalia soksi zangu. Nikasema, "Ndiyo." Akaandika ndiyo yangu.

Hapo akaingia Halldis, muuza samaki, anapangusa theluji mabegani.

"Kumbe uko huku!" akamwambia Vigdis. "Viatu vyako vya mjini vinasema uko kwa wanawake. Na mke wa mwalimu naye yuko kule, eti, Oddlaug? Hatimaye wamepata mimba wale!"

Wakacheka. Vigdis naye akacheka, akafunga faili lake, akasimama. Nikaangalia saa. Saa saba na nusu.

"Viatu," nikasema.

"Unasemaje?"

"Hazitunzwi. Siri. Mlango hautoi sauti, sawa, lakini viatu vinasema. Huyu mama ndiyo kwanza anaingia, na kashajua mke wa mwalimu ana nini."

"Jamani, mimi sikusema kwa ubaya!" Halldis akasema.

"Najua. Lakini kuna watu wanafika pale barazani, wanarudi nyumbani."

Shangazi akanikazia macho. "Nani karudi? Nitajie."

"Sikutajii."

Sijawahi kumjibu shangazi hivyo. Akafungua mdomo anifokee, kisha akageuka kuangalia baraza. Macho yakatua kwenye rafu ya MENO. Mkono ukapanda mdomoni wenyewe.

"Miaka kumi na tisa nakagua," Vigdis alisema polepole, "na kila mahali navua viatu." Akafungua faili, akafuta ndiyo yangu. "Hili naliandika. Ripoti mtaipata baada ya wiki tano."

"Daktari anaondoka saa tisa," nikasema. "Leo."

Shangazi akainuka. Hakuna kitu anachokichukia kama mchanga wa barabarani, ule unaomwagwa juu ya barafu watu wasiteleze; anafagia mara tatu kwa siku. Akaenda stoo, akarudi na boksi la vile vifuko vya buluu vya kuvalia juu ya viatu.

"Eilert, wewe mwenye tundu, shika rafu upande huo."

Mkaguzi wa serikali akabeba rafu, yuko na soksi zake tu. Viatu vya watu tukaviingiza ndani kwa kapu la nguo.

"Halldis, rudisha buti zako miguuni, vaa hivi juu yake."

"Lakini buti zangu zimejaa mchanga!"

"Ingia na mchanga wako."

Nikamtumia Maiken ujumbe: Njoo sasa. Rafu hazipo. Vaa chochote.

Alikuja saa nane na robo, na buti za njano, alivyo mbishi. Akavaa vifuko vya buluu juu yake kama kila mtu. Shangazi alikuwa mapokezi, ameshika ufagio kwa mikono miwili. Nilimwona anavyojizuia.

"Pita, mwanangu," alisema. Hakuuliza mlango upi.

Waya wangu ulipomalizika kukazwa nilimkuta Maiken nje ananingoja.

"Nimemwona," alisema. "Kila kitu kimepangwa. Nilivyohangaika bure!"

Akanishika mkono, tukapita mbele ya duka. Mama yake Jostein alikuwa pale pale na mifuko yake. Akatazama chini, miguu ya Maiken, ambaye alikuwa amesahau kuvua vile vifuko vya buluu.

"Mmetoka kwenye meno?" akauliza.

"Tumetoka kituoni, mama," Maiken akamjibu, na tukaendelea kutembea, plastiki inalia kwenye theluji mpaka nyumbani.