Nyama ya Makinda

Mjini Gitega, makinda wa mwewe juu ya mkalitusi wa Kadidja walilelewa kama watoto wa tajiri. Mumewe, Uthmani, alikuwa mchinjaji, na kila akichinja alirusha vipande vya mapafu juu, mwewe akavidaka angani. Mtaa mzima ulijua: makinda wakishiba, kwa Uthmani kuna nyama.

Kisha vita vikafunga barabara. Uthmani akaenda Muyinga kutafuta mbuzi, na huko kimya. Makinda wakashushwa cheo: panya, mijusi, mwisho panzi. Walilia kutwa, na chini ya mti Husni na Fatouma, watoto wa Kadidja, walilia njaa ileile. Vita havina haya, humlinganisha mtoto wa mtu na kinda wa mwewe.

Asubuhi moja makinda wakanyamaza. Kadidja akatazama juu, akamwona mama yao akiwashushia mnofu mwekundu, mbichi. Wachinjaji wengine wote walishakimbia. Nani tena kama si Uthmani? Akakamata beseni, akashika njia ya Mutaho, ya kuelekea Muyinga, alikotokea mwewe.

"Mama Husni, we unaenda wapi? Kule iko mubaya!" alipiga kelele jirani yake Scholastique, mchuuzi kutoka Bukavu.

"Uthmani amerudi! Amechinja!"

"Nani amekuambia? Mwewe?"

Lakini naye akamfuata mbio.

Kwenye kona walikuta lori likifuka moshi. Mbuzi walilala ovyo, wamepigwa risasi, mwewe wakiwadonoa. Kadidja akapita kati yao. Vibudu vitupu, nyama isiyolika kwa Mwislamu, na mumewe haonekani.

Kisha akaona mbuzi wawili pembeni, wamelazwa kuelekea kibla, shingo zimekatwa safi, kwa mkono alioujua. Akapiga kigelegele. Alikuwa hai!

Alikuwa hai, ndiyo, kwa muda wa kuchinja mbuzi wawili. Wa tatu alikuwa nyuma ya kichaka, na Uthmani amemlalia, tumbo limetobolewa, kisu bado mkononi.

Mwenye njaa hana miiko, husema watu. Uthmani, na risasi tumboni, alikuwa bado na miiko. Alitaka wanawe wale halali.

Kadidja alilia mpaka sauti ikakauka, Scholastique amemshika mabega. Kisha akavifungua vidole vya mumewe kimoja kimoja, akachukua kisu, akapiga magoti, akaanza kuchuna wale mbuzi wawili. Watoto walikuwa hawajala tangu juzi.