Mkungu Ulioshushwa

Wifi yangu Nice anafanya kazi Kisongo, uwanja wa ndege, kwenye kampuni moja ya ndege ndogo zinazopeleka watalii mbugani. Kazi yake ni kupima mizigo. Siku nzima yuko nyuma ya mzani anawaambia watu wazima, "Imezidi, punguza." Fanya kazi hiyo miaka kadhaa na wewe utaanza kuona dunia nzima imezidi. Kaka yangu Melkizedeki ndiye aliyepunguzwa wa kwanza. Alipooa, kochi lake, redio yake na viatu vyake vilitoka kimoja kimoja kwenye ile nyumba ya Elerai mpaka akabaki yeye mwenyewe, na mimi nikawa napita pita jioni kuhakikisha bado yupo.

Basi Nice akapata mtoto, Hans, jina la marehemu baba yetu. Nikasema hapo sasa tutaona. Mimi nimelea watatu Ngarenaro, mmoja mgongoni, mmoja mkononi, mmoja amekalishwa juu ya belo la mitumba, na ninajua kwamba kichanga ni mtu mdogo mwenye mizigo ya chifu. Lakini Nice alikuwa amempata kwenye simu mama mmoja wa huko nje anayezunguka nchi za watu na mtoto mchanga na begi moja, anacheka muda wote, na hajawahi kuonekana anafua. Wifi akaokoka.

"Mtoto hahitaji vitu, wifi," akaniambia. "Anamhitaji mama yake tu. Vitu ni hofu ya wazazi."

"Na kinyesi je? Nacho ni hofu ya wazazi?"

Akanitazama kama anavyowatazama wenye masanduku matatu.

Sasa jambo lenyewe. Likizo yake ya uzazi ilikuwa inaisha Jumatatu. Dada wa kazi wa kwanza alikwenda kusalimia kwao na mpaka leo anasalimia. Wa pili alisema hawezi kukaa kwenye nyumba ambayo hata kijiko cha chai kina zamu. Na kule kazini bosi alishamdokeza kwamba kuna binti anamshikia nafasi yake, anajituma mno, tena hana mtoto. Mwenye akili alishaelewa. Mtu pekee aliyebaki wa kumlea Hans alikuwa mama yetu, huko Akheri, mlimani juu ya Tengeru. Mama akikubali kushuka, Nice ana kazi. Mama akikataa, kazi ni ya binti.

Jumamosi asubuhi wakanipitia Ngarenaro na kile kigari cha kaka, ki-IST. Mimi nilikuwa na kikapu changu: sukari, majani ya chai, mche wa sabuni, mkate. Nikachungulia kiti cha nyuma. Hans alikuwa amelala kifuani kwa mama yake, na pembeni palikuwa na kibegi cha mgongoni, saizi ya mtoto wa chekechea.

"Mzigo mwingine uko kwenye buti?"

"Ndio huo huo," Nice akasema, amenyoosha shingo. "Pampasi tatu, nguo moja ya akiba, na kitambaa cha kazi zote."

"Na vya ukweni?"

"Wifi jamani, tunakwenda na kurudi leo leo. Mama haishi porini, maduka yapo."

"Melki, na wewe unasemaje?"

"Mimi naendesha, dada."

Angekuwa ni mgeni wa mila hizi ningemsamehe. Lakini Nice ni mtoto wa Machame, na kwao mtu hatoki hata kwenda kumwona jirani aliyeteguka mguu bila kushika kitu mkononi. Alifundishwa vizuri sana. Ndipo akaenda kujifunza upya kwenye simu.

Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Gari lilifika kanisani likagoma kupanda utelezi, tukaliacha hapo na kupanda kwa miguu katikati ya migomba na kahawa, ukungu umetushika mabegani. Nice alikuwa amevaa raba nyeupe. Sikumwambia kitu. Kuna mambo ukimwambia mtu unamnyima elimu. Tulipofika uani raba zilikuwa na rangi ya udongo wa Meru na pampasi ya kwanza ilikuwa imeshamaliza kazi yake.

"Shikamoo, mama," Nice akapiga goti.

"Marahaba, mama Hans. Nipe mume wangu."

Kwetu mjukuu aliyechukua jina la babu ni mume wa bibi, na mama yetu anaufanya utani huo kwa bidii mpaka unajiuliza kama ni utani. Akamchukua mtoto, akamgeuza huku na huku, akamshika nyayo.

"Mume wangu ana baridi. Sweta lake liko wapi?"

"Hakuja nalo, mama."

"Kofia?"

"Hapana, mama."

"Blanketi basi."

"Kuna kitambaa," Nice akasema, sauti imeanza kupungua yenyewe bila mzani. "Ni cha kazi zote."

Mama akakipokea kwa vidole viwili, akakiangalia kwenye mwanga. "Hata anayepelekwa mahabusu ndugu zake humfungia blanketi. Eunike mwanangu, mkimbilie Elifuraha."

Nikamkimbilia jirani yetu Elifuraha, nikarudi na sweta, kofia ya sufu, beseni na blanketi la kitanda cha watu wawili. Pampasi ya pili ikaenda wakati tunakunywa chai yangu yenye sukari yangu. Ya tatu ikaenda kabla ya chakula, na nguo ya akiba ikafuatana nayo. Mama akachana kanga yake kuukuu vipande vinne akamfunga Hans nepi kama tulivyofungwa sisi, na kitambaa cha kazi zote kikapata kazi moja ya kudumu: kikawekwa mlangoni tufutie miguu. Hapo ndipo nilipoielewa elimu ya wifi yangu. Kusafiri mwepesi kumbe si kwamba mzigo haupo. Mzigo upo palepale, ila unabebwa na Elifuraha.

Pamoja na yote hayo, mama alikubali. Tulipomaliza kula ndizi na nyama akapangusa mdomo akasema, "Nitashuka na nyie. Wala msidhani ni kwa ajili yenu. Mume wangu akibaki mikononi mwenu atakufa uchi."

Nice alishusha pumzi nikaisikia nikiwa upande wa pili wa meza. Jumatatu yake ilikuwa imepatikana. Angekaa kimya tu, angeinamisha kichwa na kupokea kila alichopewa, hadithi ingeishia hapo na mimi ningekosa cha kuandika.

Mama akavaa gauni la kanisani, akachukua mwavuli na mkoba. Mimi na Melki tukapewa vingine: mkungu wa ndizi mshare uliokatwa asubuhi ile, bado unatoa utomvu, kiroba cha maparachichi, kidumu cha maziwa mgando, na jogoo mwekundu aliyefungwa miguu, ambaye alinitukana njia nzima kwa lugha yake. Nice alitangulia na mtoto na kibegi, anaruka madimbwi. Kanisani mama akaingia kiti cha mbele, akafunga mkanda, akaweka mkoba mapajani. Melki akapanga mizigo kwenye buti.

Ndipo Nice akaja kukagua.

Aliinama, akatazama ndani ya buti, na niliuona uso wake ukibadilika. Ulikuwa uso wa Kisongo ule.

"Melki, huu mkungu utachafua zulia lote. Utomvu hautoki."

"Nice," Melki akanong'ona, "acha."

"Na tutauweka wapi pale nyumbani? Jikoni hakuna nafasi." Akaushika, akauvuta, akaushusha chini kwenye nyasi. Akamfuatisha jogoo. Kisha akaenda dirishani kwa mama na tabasamu lile la kuwapunguzia watalii mizigo. "Mama, asante sana, ila hizi ndizi tuziache tu. Tusafiri wepesi. Hata Kilombero sokoni zipo, tutanunua."

Jogoo mwenyewe alinyamaza.

Mama akafungua mkanda. Akafungua mlango. Akashuka taratibu, akanyoosha gauni, akaenda akasimama kwenye nyasi katikati ya mkungu na jogoo, mkoba begani.

"Mama, vipi tena?" Nice akauliza.

"Mimi nina kilo nyingi kuliko mkungu," mama akasema. "Na mabibi nao nasikia Kilombero wapo. Mtanunua."

Akakunjua mwavuli ingawa mvua ilikuwa imekatika, akaanza kupanda kurudi nyumbani.

Melki alishika kiuno akatazama mlima kana kwamba ni mara ya kwanza kuuona. Nice alinigeukia, macho yamemtoka.

"Wifi, nenda kaongee naye. Wewe ni mtoto wake."

"Mimi? Mimi nimesafiri mwepesi leo, sina maneno."

"Wifi, Jumatatu naripoti! Nikikosa Jumatatu yule binti wanamwajiri!"

"Mwambie huyo mama wa kwenye simu aje akulelee. Si ana begi moja tu? Atafika mapema."

Nilitegemea anijibu, maana Nice ana mdomo. Badala yake alimweka Hans mikononi mwangu, akaunyanyua mkungu kwa kuukumbatia kama mtu anayemwokoa mlevi, akaurudisha kwenye buti. Utomvu ukamchora blauzi kutoka bega mpaka tumbo. Akamrudisha jogoo. Kisha akavua zile raba, akazitupa ndani ya gari, akapanda mlima pekupeku anakimbia. Nikamfuata na mtoto. Nisingelikosa jambo hilo kwa chochote.

Mama alikuwa ameshakaa kwenye benchi la uani.

"Mama, nimezirudisha ndizi kwenye gari," Nice akasema, anahema.

"Kwa nini? Zulia si litachafuka?"

"Lichafuke, mama."

"Na nafasi jikoni?"

"Nitatafuta." Akapiga magoti pale kwenye matope, safari hii siyo goti la salamu. "Mama, naogopa. Hiyo kazi nikiikosa sijui nitaanzia wapi, na sina mtu mwingine. Nimepiga simu kwa kila mtu. Mama yangu mwenyewe amekataa, amesema nyumba yangu ina mwangwi."

Nilitaka kucheka, nikambana Hans nijizuie.

"Hilo neno ungelisema asubuhi ulipoingia, tungekuwa tumeshafika Elerai," mama akasema. "Sikiliza, mama Hans. Mimi nikiingia kwa mwanangu mikono mitupu, nile ununuacho, nilale unaponionyesha, mimi ni dada wa kazi mzee. Siku nikikuambia maji ya mtoto yana moto, utaniuliza mimi ni nani. Lakini nikiwa na mkungu wangu jikoni, nikapika mtori wangu wa ndizi na nyama, mkala na mkashiba, nina mdomo katika nyumba ile. Wewe umeushusha mdomo wangu ukauweka kwenye nyasi."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Ingia ndani uchukue na magimbi."

"Magimbi, mama?"

"Yale ya kwenye gunia. Na jiko langu la mkaa, mimi mtori wa gesi siujui. Na lile beseni la Elifuraha, tutamrudishia Krismasi. Na godoro langu dogo, maana nasikia kwenu watu wanalala kwa zamu."

Nikaona wifi yangu anahesabu kilo kichwani. Mtu haachi ujuzi wake kwa siku moja. Lakini aliingia ndani. Akatoka na gunia mgongoni limefungwa kwa kamba kipajini kama wanavyobeba wanawake wa mlimani, jambo ambalo nilidhani hajui. Kumbe Machame ilikuwa bado imo humo ndani, ilifunikwa tu. Akashuka nalo mpaka kanisani, akarudi, akabeba godoro. Akarudi tena. Mama alimpita njiani amemshika mjukuu, mwavuli umewafunika wawili, anatembea kama mke wa askofu.

"Polepole hapo, mama Hans, pana utelezi. Unataka uniangushie jiko?"

"Abee, mama."

Nilikaa pembeni naona burudani. Kila alipopita na mzigo nilikuwa na la kumwambia. "Punguza, wifi, imezidi!" nikamwambia kwenye beseni. "Hofu ya wazazi hiyo!" nikamwambia kwenye godoro. Alipita tu, jasho linamtoka, utomvu umeganda kifuani mweusi.

Gari likajaa. Godoro lilikunjwa nyuma, magimbi chini miguuni, jiko juu ya magimbi, maziwa pembeni. Mama akakaa mbele na mume wake, wote wawili wamefungwa blanketi la Elifuraha. Nice akajipenyeza nyuma, akampakata jogoo. Nami nikashika mlango niingie.

Hapakuwa na pa kuingia. Pale nilipokaa asubuhi palikuwa na godoro.

"Mama," nikasema, "na mimi je?"

Mama hakugeuka hata shingo. "Eunike, wewe una miguu, na pikipiki hazikosekani hapo chini. Melki, washa gari, mume wangu anasinzia."

Nikamtazama kaka. "Mimi naendesha, dada," akasema.

Nice akateremsha kioo polepole. Matope usoni, manyoya ya jogoo kwenye nywele, na kwa mara ya kwanza siku ile akacheka, cheko la mtu mwenye Jumatatu yake mfukoni.

"Pole, wifi," akasema. "Ukifika mjini pitia kwetu ule mtori. Mama anapika."

Wakashuka taratibu, buti imelala chini karibu iguse barabara. Nikakunja suruali yangu, nikashika kikapu, nikaanza kuteremka kuitafuta pikipiki.