Kahawa Iliyochanua Tensta

Wiki moja kabla ya Pasaka ya mwaka 2008, Adrienne alishuka na kisu cha jikoni hadi nyuma ya jengo lao huko Tensta, akakata matawi ya björk, ule mti wa gome jeupe unaoota kila mahali Uswidi. Theluji ilikuwa bado imelala chini. Alma, bintiye wa miaka tisa, alikuwa ameyadai matawi hayo tangu Kwaresima ianze, maana kwa wenzake wote wa darasani yalikuwa yameshawekwa mezani. Wakayatia kwenye jagi la maji ya vuguvugu, wakayafunga manyoya ya njano, mekundu na ya zambarau. Ndiyo desturi ya huko: tawi kavu huletwa ndani kwenye joto, nalo hudanganyika kwamba baridi imekwisha.

Siku ya Ijumaa Kuu matawi mawili yalitoa majani machanga ya björk, kama ilivyotarajiwa. La tatu lilitoa maua ya kahawa.

Yalikuwa meupe, yamebanana kwenye vifundo vya tawi, na harufu yake ilijaa sebule ikatoka hadi kwenye ngazi. Elieshi, jirani wa ghorofa ya chini, mama wa Kichaga aliyekulia Machame katikati ya kahawa na migomba, alipanda kuuliza ni nani anayechanuza kahawa. Akainamia jagi, akageuza jani moja.

"Si ya kwetu hii," alisema. "Ya kwetu majani yake membamba zaidi."

"Ni ya kwa mama, kule Lubero," Adrienne akamwambia. "Ule muti wa karibu na mulango ya jikoni. Ona hii kovu. Mbuzi ndiyo ilikula gome, mi nikiwa mutoto."

"Basi usiitie maji ya baridi," Elieshi akasema, akashuka kuendelea na nguo zake.

Baudouin, mume wa Adrienne, aliyeendesha foklifti kwenye maghala ya Jordbro, aliomba tu jagi lisogezwe, maua yasidondokee kwenye sombe, mboga yao ya majani ya muhogo.

Maua yakapukutika, buni zikatokea, zikawa za kijani majira yote ya joto. Matawi mawili ya björk yalikauka yakatupwa. Mwezi wa tisa buni zikaanza kuiva, na hapo ndipo zilipoanza kuchumwa. Asubuhi, wakati wa chai, tawi lilitikisika kidogo, buni moja ikazungushwa taratibu kwenye kikonyo chake, ikaachia, haikuonekana tena. Ikafuata nyingine. Mbichi hazikuguswa. Adrienne aliujua mkono ule. Watu wengi huvuta buni. Mama yake huzungusha. Basi akawa anakaa na kikombe chake akimwangalia mama yake akifanya kazi, halafu anaenda zamu yake kwenye nyumba ya wazee roho ikiwa imetulia. Mkono ukisita, alijua mama ameketi kidogo kupumzisha mgongo.

"Hej då, mormor," Alma alimuaga bibi yake kwa Kiswidi akivaa mkoba wa shule, nalo tawi likatikisika au lisitikisike, kutegemea kazi ilivyokuwa.

Mwishoni mwa Oktoba, asubuhi moja, mkono haukuja. Buni nyekundu zilining'inia mpaka jioni. Kesho yake pia. Simu ya mama haikupatikana, na redioni walisema vita vimepanda kaskazini hadi Lubero na watu wako barabarani na magodoro kichwani.

Jumapili, walipotoka misani, walikuta tawi linakwanyuliwa. Kiganja kililikamata huku chini kikavuta hadi nchani, zilizoiva na mbichi na majani vikaenda pamoja. Jagi likapinduka, Baudouin akalidaka.

"Ule si mama," Adrienne akasema.

"Si yeye," Baudouin akakubali.

Kulipokucha Adrienne aliomba ruhusa kazini, akalifunga tawi kwa taulo lililoloa maji, akapanda treni kwenda mjini, kwenye ofisi ya vibali. Mara mbili walikuwa wamekataa kumruhusu mama yake aje. Afisa aliyempokea alikuwa msichana mwenye sauti ya upole. Adrienne alikuwa bado anaeleza pale tawi lilipovutwa tena juu ya meza, majani yakiruka. Afisa akasogeza kikombe chake cha kahawa pembeni.

"Naona," alisema kwa Kiswidi. "Na hapo ni nyumbani kwake?"

"Ndiyo. Hao wanaochuma si yeye."

"Sina shaka. Wamelichukua shamba." Akapangusa majani yaliyoanguka mezani. "Lakini wewe ni mtu mzima, Adrienne. Mama wa mtu mzima hahesabiwi kuwa familia ya karibu kama hamkuwa mkiishi pamoja. Tawi halibadilishi hilo."

"Nilizaliwa katika hiyo nyumba."

"Naelewa," afisa akasema, na kweli alionekana anaelewa. Akainuka kumtafutia mfuko wa plastiki wa kulifunika tawi, kwa sababu nje upepo ulikuwa mkali.

Mwezi wa kumi na moja, wakiwa mezani, mjomba Vénant alipiga simu kutoka mji wa Butembo. Mama alikuwa amefika kwa miguu, analala kwenye darasa la parokia pamoja na familia nyingine. Akampa mama simu.

"Adri," mama akasema. "Ni miguu tu imevimba. Weye na mutoto, muko muzima?"

"Tuko muzima, mama."

"Ile kahawa ya ku mulango niliiacha imeiva. Itaanguka chini bule. Hakuna mutu wa kuichuma."

Adrienne akalitazama tawi. Wakati huohuo lilikuwa likikwanyuliwa, bila haraka, na mtu aliyekwisha kujiona mwenyeji.

"Iko palepale, mama," akasema. "Inakungojea."

"Mungu asifiwe," mama akasema, na simu ikakatika.

Adrienne akaiweka chini, akalikamata tawi kwa mikono miwili, akavuta upande wake. Wa upande wa pili naye akavuta. Alikuwa na nguvu. Baudouin akashika jagi, Alma akainua sahani. Tawi likaanza kupasuka katikati. Adrienne akaliachia, lisivunjike, na buni za mwisho zikaenda. Alma akaleta kitambaa akapangusa maji, wakaendelea kula.

Mama alibaki Butembo. Tawi lilichanua tena mwaka uliofuata, na mwaka baada ya huo, kwa wakati wake, nao wakazoea kula chakula cha jioni wakilitazama likichumwa na watu wasiowajua.