Vinia Namba Nane

Mimi nina ugomvi na vyungu vya maua. Mwaka wa thelathini huu natengeneza makabati ya muziki ya zamani, yale ya mtiki yenye redio na gramafoni nyuma ya milango ya kusukuma, na karibu kila kabati linaloingia karakanani kwangu limejeruhiwa na mtu mwenye ua. Anamwagilia, sahani hajaweka, maji yanapenya, vinia, ule ubao mwembamba uliobandikwa juu, inavimba na kuwa nyeusi. Halafu anakuja kwangu na uso wa mtu aliyeonewa.

Gerda hakuwa na uso huo. Alinipigia simu asubuhi moja ya Juni, akawa ananong'ona ingawa alikuwa peke yake nyumbani.

"Asta, Kresten amelazwa. Wanambadilisha nyonga. Wiki mbili. Unaweza kuja leo?"

Nilimjua mumewe. Katika ufundi huu, upande wetu wa mlangobahari wa Limfjord, nani hakumjua Kresten? Nilipokuwa mwanagenzi kwenye kiwanda cha samani, yeye ndiye aliyekuwa akichagua vinia. Gogo la mtiki lilichanwa vipande vyembamba kama kadi ya posta, vikapewa namba kwa kufuatana, na Kresten alisimama mbele ya rundo akiamua kipi kikae na kipi. Siku moja nilibandika vipande viwili visivyo vya gogo moja, nikidhani havitambulikani. Yeye alikuwa ng'ambo ya chumba anakunywa kahawa.

"Binti," akasema, "hao hawajuani."

Nikabandua. Nilikuwa na miaka kumi na saba, na mpaka leo masikio yangu hupata moto nikikumbuka.

Kabati la Gerda lilikuwa sebuleni, chini ya dirisha. Juu yake kitambaa cha kufuma, juu ya kitambaa chungu chenye ua jekundu. Alifunga pazia kwanza, kana kwamba majirani wangetuchungulia, kisha akainua vyote viwili. Palikuwa na duara jeusi, na kulizunguka vinia imepasuka na kukunjamana.

"Lini?" nikauliza.

"Wiki ya tatu."

"Ya mwezi huu?"

"Ya ndoa."

Nilimtazama. Kresten alilitengeneza kabati lile kwa mikono yake, jioni baada ya kazi, likawa zawadi yake ya harusi. Wiki ya tatu bibi harusi akaweka juu yake ua alilopewa na mama yake, akalimwagilia kwa moyo wote. Alipoona alichofanya, akaenda dukani kununua kitambaa.

"Nikasema nitamwambia Jumapili," alisema Gerda. "Jumapili ikapita. Na nyingine. Ukishapitisha mwaka, Asta, utaanzia wapi?"

"Na yeye hajawahi kuinua hicho chungu?"

"Kupangusa vumbi ni kazi yangu."

Jumamosi ya tarehe ishirini na mbili wangetimiza miaka hamsini ya ndoa. Kresten angekuwa amerudi. Gerda alitaka akute juu pasafi, asijue kamwe kwamba paliwahi kuwa pachafu.

"Bibi wee," nikamwambia, "atajua akiwa bado mlangoni. Gogo lile liliisha zamani."

"Basi tafuta la kufanana nalo."

"Mtu akifiwa na mkewe, utamtafutia wa kufanana naye?"

Alicheka kidogo, kisha akakikunja kile kitambaa. "Si mbao inayonisumbua. Yule mtu hajawahi kunificha hata jino likimuuma. Mimi nimelala naye miaka hamsini na uongo wangu umekaa sebuleni na ua juu yake."

Nikalipakia garini. Ningefanya nini?

Siku tatu nilipekua kila kipande cha mtiki nilichonacho. Nilimpigia simu kila fundi anayenidai fadhila au ninayemdai. Vingine vilikuwa vyekundu mno, vingine mistari yake imenyooka kama daftari la shule. Nilikuwa nikiviweka juu ya kabati na kusikia sauti kutoka ng'ambo ya chumba: hawajuani, hawajuani.

Siku ya nne nilifungua ubao wa nyuma ili niweze kuitoa sehemu ya juu. Ndani, nyuma ya spika, kulikuwa na gazeti limekunjwa vizuri na kubanwa kwa misumari midogo minne. Nikafikiri ni la kuzuia vumbi. Nilipoling'oa, likawa gumu mkononi.

Ndani ya gazeti mlikuwa na vinia. Kipande kizima, hakijaguswa na jua wala maji, rangi yake imefifia kama chai yenye maziwa mengi. Pembeni, kwa penseli ya bluu, namba nane.

Nilikimbia kuangalia milango kwa ndani: tano, sita. Kwa hiyo juu ni saba. Nikakiweka namba nane kando ya kile kilichoharibika. Mlima wenye vilele viwili, uliochorwa na mistari ya mti wenyewe, ulikuwa palepale kwenye vyote viwili. Kifundo kidogo chini ya kilele cha kushoto kilikuwa palepale. Mti ule ulisimama msituni Siam labda miaka mia mbili, ukachanwa, na ndugu hawa wawili wakakaa miaka hamsini ndani ya sanduku moja, mmoja juu akizama majini, mwingine chini yake gizani. Nilikaa sakafuni.

Halafu nikaona maandishi ukingoni mwa gazeti. Herufi zile ndogo za Kresten, zilizosimama wima.

*Kwa ajili ya maji ya Gerda. Atakaponiambia. Julai 1963.*

Nilimpelekea gazeti jioni ileile. Alilisoma amesimama, akavaa miwani, akalisoma tena. Nilitegemea machozi. Badala yake alipiga meza kwa kiganja.

"Alijua! Mzee huyu alijua! Miaka hamsini ananiangalia nakizunguka chungu na kitambaa cha vumbi kama mwizi, na ananyamaza!"

"Alikuwa anakungoja."

"Angoje mpaka lini? Mpaka tuzikwe?" Kisha akaketi, akaliweka gazeti magotini na kulilainisha mikunjo, taratibu, kwa muda mrefu. Machozi yalikuja wakati huo. "Kumbe dawa ilikuwa humohumo ndani," akasema. "Bandika, Asta. Kumwambia niachie mimi."

Kipande kilikuwa kimoja tu. Nikikosea kukata, hakuna namba tisa. Niliondoa vinia ya zamani kwa pasi ya moto na kitambaa kibichi, mvuke ukalegeza gundi, nikabandua kidogo kidogo. Nilikausha, nikapiga msasa, nikapaka gundi, nikabana kwa jiriwa kumi na mbili. Sikunywa hata kahawa, mkono usije ukacheza. Nilipofungua, namba nane ilikuwa imelala bila kiputo hata kimoja, ila ilikuwa imepauka kama mgonjwa kando ya milango iliyoiva. Basi nikaiweka dirishani. Jua la Juni kwetu halina haraka ya kuzama, na kila siku niliona rangi ikipanda: asubuhi maziwa, siku ya pili asali, siku ya tano dhahabu. Alhamisi nilipaka mafuta. Kitambaa kilipopita, mlima wote ukainuka kutoka ndani ya mbao, na nikajikuta nimesema ahsante kwa sauti, sijui kwa nani.

Ijumaa nililirudisha kabati; Kresten aliletwa usiku, akapitishwa moja kwa moja kitandani. Jumamosi asubuhi, kama ilivyo desturi yetu ya kuwaamsha wanandoa wa miaka hamsini, mimi na majirani tulisimama nje ya nyumba yao chini ya tao la matawi ya msonobari, tarumbeta zikalia, tukaimba mpaka Kresten akatoka kwa magongo yake, akijifanya alikuwa amelala. Tukaingia kula mikate ya moto. Juu ya kabati hapakuwa na kitambaa. Chungu kilikuwa dirishani.

Kresten alisimama ghafla. Akaenda, gongo kwa gongo, akaweka kiganja juu ya mbao, akainama kuitazama dhidi ya mwanga. Nilirudi kuwa na miaka kumi na saba.

"Binti," akasema bila kugeuka, "ni wewe?"

"Ni mimi."

"Hawa wanajuana."

Gerda aliweka kikombe chake chini.

"Kresten, nilimwaga maji. Wiki ya tatu."

"Ya pili," alisema Kresten. "Ya tatu ulinunua kitambaa."

"Mbona hukusema?"

"Maji yalikuwa yako. Mimi nilikuwa tayari. Nilingoja uniite." Akajongea dirishani, akakichukua chungu kwa mkono mmoja, akiyumba, udongo ungali umelowa, akakiweka katikati ya namba nane, juu ya mbao tupu.

Nikaanza kuinuka kuliokoa kabati.

Gerda alichomoa sahani chini ya kikombe chake, akainua chungu, akaisukuma pale chini.

"Miaka hamsini," alisema Kresten akimshika mkono, "ndiyo kwanza leo unaleta sahani."