Mdomo Mwekundu wa Shibani

Shibani Tanti alikuwa amekwisha kupanda nusu ya kilima. Golapi Bhumij, mistari miwili nyuma yake, vidole vilichuma chai lakini macho hayakuwa kwenye majani. Alitazama mdomo wa Shibani. Ulikuwa mwekundu tangu asubuhi. Ni wiki ya mwisho kabla ya mshahara, tambuu, jani la kutafuna na popoo linalotia mdomo wekundu, imepanda bei hadi wanawake wa kambi ya shamba wanatafuna popoo kavu, na huyu mjane mdomo unamng'aa kama bibi harusi.

"Nani anamnunulia?" Golapi aliuliza.

"Muulize anayepita na trekta," alisema Jamini, mkongwe wa mstari wao, akacheka peke yake.

Anayepita na trekta ni Nimai, mume wa Golapi, mzoaji wa majani. Siku hizi anarudi nyumbani mfuko wa shati mtupu, hana hata kipande cha tambuu. Bei, anasema. Golapi hakuiamini hiyo bei.

Halafu ile kasi. Mwaka jana Shibani alikuwa akichechemea kwa magoti, sasa anawashinda wasichana. Ni vidonge vya manjano vya zahanati ya shamba. Golapi naye aliviomba, akapewa vyeupe visivyosaidia kitu. Hata dawa, huyu anapewa iliyo bora.

Mchana walikaa kivulini wakaponda majani mabichi ya chai kwa vitunguu, pilipili na dengu za kukaanga, wakala na chapati. Shibani hakugusa. Golapi akamsogelea.

"Bibie, fungua mdomo."

"Niache, dada."

"Fungua. Tunuse tambuu ya mume wangu."

Wanawake wakacheka. Golapi akamshika mkono, bangili zikapanda juu, na chini yake ngozi ilikuwa na madoa ya zambarau, kama mtu aliyepigwa. Shibani akatema mate kwenye jani, akamsogezea.

"Nusa basi."

Hayakunuka chokaa wala tumbaku ya tambuu. Yalinuka chuma. Zilikuwa fizi, zinavuja damu zenyewe.

Jamini akaweka chapati yake chini.

"Tangu lini?" Golapi aliuliza.

"Tangu mvua za kwanza. Nilipompeleka mwanangu mjini, muuguzi aliniona. Akaniambia vile vidonge vinaniharibia damu, mwili umeacha kutengeneza mpya. Niviache, nirudi upesi wanipime."

"Ukaendelea kumeza?"

"Bila vidonge magoti hayapandi. Nisipofikisha uzito nafutwa, na nyumba ni ya shamba. Watoto wangu nitawalaza wapi, mdomoni mwako?"

"Ungesema. Sisi tulidhani..."

"Najua mlichodhani. Niliwaacha mdhani. Mgonjwa anafutwa, malaya hafutwi."

Golapi alimwinua, wakaenda zahanati. Daktari wa shamba hakunyanyuka kitini.

"Tambuu hiyo. Punguzeni tambuu."

"Hajatafuna, bwana daktari. Ni vile vidonge. Anahitaji gari la wagonjwa, afike mjini."

"Gari linataka sahihi ya meneja, na meneja yuko Dhaka." Akamfungia Shibani vidonge vingine vya manjano. Kisha akamtazama Golapi, aliyesimama hapo kama kisiki, akafunga pakiti ya pili. "Haya, na wewe. Si ulikuwa ukivililia?"

Nje, Golapi alizimwaga pakiti zote mbili mferejini. Magoti yake yakamuuma saa ileile, na alivitazama vikizama mpaka cha mwisho.

Jioni kwenye mizani, karani alikata uzito wa kitambaa cha kubebea majani, akakata wa maji ambayo majani hayakuwa nayo, akaita jina la Shibani. Shibani akapiga hatua moja, akaanguka. Damu ikamtoka puani.

"Mlazeni pale apumzike," alisema Bhola mnyapara. "Nimai, ondoa trekta. Majani yanapata joto."

Kweli. Majani yakichelewa kufika kiwandani yanaharibika, na hilo hata meneja huacha chakula chake akalishughulikia. Golapi akamtazama Jamini. Bila kusemezana wakambeba Shibani, mmoja miguu mmoja mabega, wakamlaza juu ya majani ndani ya tela.

"We mwanamke, utachafua majani!"

"Yamekwisha chafuka, mnyapara. Mengine aliyachuma hivihivi, anavuja damu."

Akapanda, akampakata Shibani kichwa. Trekta likaondoka.

Njiani Golapi aliyapanga maneno ya kumwambia Nimai. Kwenye njia panda, kushoto ni kiwandani, kulia ni mjini. Akienda kulia amepoteza kazi, na nyumba wanayolala ndiyo hiyohiyo ya shamba. Angemlilia, angemtukana, angemkumbusha watoto wa Shibani. Alifungua mdomo.

Nimai alikuwa amekwisha kukata kulia.

Hakugeuka wala hakuuliza. Nyuma, Bhola alikimbia huku akipayuka kuhusu majani, mpaka sauti ikamwisha. Golapi alishukuru, na papo hapo akachomwa moyoni. Kama ni mimi niliyelala hapa, alijiuliza, angekata upesi hivi?

Alitazama mgongo wa mumewe muda mrefu. Mgongo haukumwambia kitu. Akavuta pindo la sari yake, akamfuta Shibani midomo. Damu ikaja tena. Akamfuta tena.

"Kaza mwendo," akamwambia mumewe.