Maji ya Lobi

Ukuta wa zamani wa shamba la kahawa, nje kidogo ya Kisangani kwenye barabara ya Bafwasende, ulikuwa hauna kazi tena ila kuzuia maji. Watu wa mradi walikuja kuubomoa ili samaki wapande tena kijito. Chini ya ukuta, pale kijito kilipokauka tangu zamani, Karima alikuwa na mpunga ulioiva. Ndicho chakula cha watoto wake mpaka msimu mwingine.

Wavunaji wote walikuwa kwa Djuma, ndugu wa marehemu mumewe, katika shamba la jirani. Djuma ndiye aliyekwenda kwenye mkutano wa mradi kwa niaba ya ukoo. Karima akamfuata.

"Shemeki, maji wanafungua siku gani?"

"Lobi," Djuma akasema, mgongo umeinama.

Kwa Kilingala lobi ni jana, na lobi ni kesho. Maneno mengine ndiyo yanayoamua. Djuma hakuongeza neno. Karima akatazama chini. Mvua ya usiku ilikuwa imeacha vidimbwi kati ya mashina.

"Aa! Donc ilishapita, ni hii tu? Na ile makelele yote walipiga?"

Georgette, mmoja wa wavunaji, akainua mundu, akafungua mdomo. Djuma akamkazia macho.

"Georgette, kata mupunga. Bon, Karima, tukimaliza hapa, wote watakuja kwako."

"Aksanti, shemeki. Mungu akubariki."

"Amina."

Kesho yake asubuhi Karima alikuwa akitandika mikeka ya kuanikia kule juu ukingoni aliposikia ngurumo ya maji kutoka ukutani. Mpunga ulisimama kidogo ndani ya maji, ukalala, ukapotea. Kwa Djuma palikuwa na mabua matupu tu. Magunia yake yalikuwa juu, pakavu.

"Ulisema lobi!"

"Na leo ni nini? Si ile lobi yenyewe? Wewe mutoto wa Kisangani, nikufundishe Lingala?"

Wavunaji wakacheka. Georgette naye akacheka, taratibu. Fungu lake lilikuwa ndani ya magunia yale.

Siku chache baadaye samaki walipanda kweli. Djuma akamletea Karima mmoja wao, mboto mnene, ametungwa kwenye ukambaa.

"Ya watoto. Unaona? Mradi iko muzuri."

Watoto walikuwa na njaa. Karima akampokea, akashukuru, akampasua. Tumbo lilikuwa limejaa mpunga. Akazitoa punje kwa kidole, akaziosha, akazianika juu ya mkeka.